Nchi ya Mwezi katika Karatasi za Benares

Mwaka 1860 Kapteni John Hanning Speke alikuwa Unguja, akiitengeneza safari yake ya pili ya kwenda bara. Wakati huo Balozi wa Kiingereza pale, Kanali Rigby, alimpa maandiko yaliyopigwa chapa, pamoja na ramani. Maandiko hayo yalieleza mto wa Naili unatoka wapi, jambo ambalo Wayunani na Warumi, na baada yao Waarabu na watu wa Ulaya, walikuwa wakiliuliza tangu zamani za kale pasipo kupata jibu la hakika. Ajabu ni kwamba mwandishi wake hakuwa msafiri wa Afrika hata kidogo. Aliandika akiwa Benares, mji wa ibada wa Wahindi ulio ukingoni mwa mto Ganges, ambao siku hizi huitwa Varanasi. Na alisema kwamba habari zote amezitoa katika vitabu vitakatifu vya Wahindi, vilivyoandikwa kwa lugha yao ya kale iitwayo Kisanskriti.

Katika habari hizo Naili umeitwa mto Kali, maana yake Mweusi. Unatoka katika ziwa liitwalo Amara, maana yake Wasiokufa, yaani ziwa la miungu. Karibu na ziwa iko milima ya Soma-giri, yaani Milima ya Mwezi, na nchi inayolizunguka ziwa inaitwa Chandristhan. Katika Kisanskriti chandra ni mwezi, na sthana ni mahali. Neno hili la pili lina ndugu yake katika Kiajemi, nalo ndilo tunalolisikia mwishoni mwa jina Hindustani. Basi Chandristhan ni Mahali pa Mwezi. Kwa kusema kwetu, Unyamwezi.

Mtu wa Tabora akisikia hayo hawezi kuacha kutega sikio. Speke naye alitega. Yeye alikwisha kukaa Kaze, karibu na hapo mji wa Tabora ulipo, katika mwaka 1857 na 1858, akajua kwamba nchi ile ni Unyamwezi na kwamba kaskazini yake kuna ziwa kubwa. Alipoona jina la Nchi ya Mwezi katika maandiko ya Wahindi, tena kando ya ziwa linalotoa Naili, aliona kwamba shahidi wa kale amesimama upande wake. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 aliwataka wasomaji wayaangalie maandiko yale, akaandika kwamba hapana budi Wahindi wa zamani walikuwa na maingiliano na nchi zilizo pande mbili za Viktoria Nyanza, kaskazini na kusini.

Aliyeyaandika maandiko hayo ni Francis Wilford. Habari zake zafaa kusimuliwa hapa Unyamwezi kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa nchi hii imeingizwa katika kazi yake, naye hakujua kama ipo.

Wilford asili yake ni Hanover, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Zama zile mfalme wa Uingereza ndiye aliyeitawala Hanover pia, kwa hiyo haikuwa ajabu mtu wa huko kuingia katika jeshi la Kampani ya Waingereza iliyotawala Bengal. Akawa afisa katika kikosi cha wahandisi, watu wa kupima nchi na kuchora ramani. Kazi ya askari haikumshika sana. Alihamia Benares, akaishi huko mpaka mwisho wa umri wake, akijifunza Kisanskriti na kukusanya vitabu vya kale vilivyonakiliwa kwa mkono.

Wakati huo elimu ya Kisanskriti ilikuwa mpya kabisa kwa watu wa Ulaya. Sir William Jones, aliyekuwa jaji Calcutta, aliunda mwaka 1784 chama cha wanachuoni cha kuchunguza mambo ya Asia, na chama hicho kikaanza kupiga chapa majuzuu ya makala yake. Mwaka 1786 Jones alisema mbele ya chama neno lililotikisa wanachuoni: kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zafanana kwa shina za maneno na kwa sarufi kiasi ambacho hakiwezi kuwa bahati tu, na kwamba lazima zote tatu zimetoka katika lugha moja ya zamani ambayo labda haipo tena. Jambo hilo lilikuwa kweli, na wanachuoni wa lugha wanalijenga juu yake hata leo.

Sisi wenyewe tunayo maneno ya Kisanskriti vinywani mwetu kila siku, ingawa hatujui. Sukari ilianza kuwa sharkara huko Bara Hindi, ikapita kwa Waajemi na Waarabu, kisha ikafika pwani yetu. Pilipili ni pippali. Nili, ile rangi ya kutilia nguo, ni nila, maana yake buluu iliyokoza. Na rupia ni rupya, yaani fedha iliyofuliwa. Neno hili la mwisho lilifika Tabora kwa namna ya pekee: mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, Wadachi walipokuwa wamezibiwa njia ya baharini, walipiga Tabora kwenyewe, katika karakana ya reli, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye sura ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Basi neno la Benares liliandikwa juu ya dhahabu ya nchi yetu.

Lakini yako maneno mengine yanayofanana kwa sauti tu, na undugu hapana. Mto Kali wa Wilford hauna uhusiano na kali yetu, ya mbwa mkali na jua kali. Soma ya Soma-giri, ambayo ni mwezi, si soma ya mwanafunzi mwenye kitabu. Mwenye elimu huwatenga ndugu wa kweli na wanaofanana uso kwa kuifuata njia ambayo neno limepita: limetoka kwa nani, likapokewa na nani, likageuzwa namna gani. Njia hiyo isipoonekana, mfanano hauthibitishi kitu. Wilford hakuwa na subira hiyo. Akisikia jina la Kihindi linalofanana na jina la Misri au la Uyunani, kwake lilikuwa jambo lililokwisha.

Alikuwa ameshika fikira moja kubwa. Aliamini kwamba Wahindi wa kale walijua habari za Misri, za Uhabeshi, hata za visiwa vya Uingereza, na kwamba habari hizo zimo katika Purana, vitabu vikubwa vinavyosimulia miungu, wafalme na sura ya ulimwengu. Purana ni bahari. Zilizo kuu ni kumi na nane, na baadhi yake zina aya kwa makumi ya maelfu. Mtu mmoja hawezi kuzisoma zote kwa haraka, hasa mgeni. Basi Wilford akamwajiri pandita, yaani mwanachuoni wa Kibrahmani, amtafutie mahali palipotajwa nchi za magharibi na kumnakilia. Akampa na fedha za kuwalipa wasaidizi na waandishi.

Tena akafanya jambo lililoharibu kazi yote. Katika mazungumzo alimsimulia pandita yule hadithi za Misri, za Wayunani na za Biblia, ili ajue ni kitu gani kinachotafutwa.

Wanaojua habari za misafara wataelewa mara moja. Mpagazi aliyechoka akimwuliza mtu wa njiani, Je, maji yako karibu? na uso wake unaonyesha wazi jibu analolitaka, ataambiwa kwamba yako karibu, hapo nyuma ya kilima. Anayejibu huenda akawa ni mwema tu, hataki kumvunja moyo. Pandita wa Wilford alikuwa na sababu zaidi ya wema, maana mshahara wake ulitegemea jibu.

Habari zikaanza kupatikana kwa wingi wa ajabu. Ulipatikana mto wa Misri. Yakapatikana majina ya miji na wafalme. Ikapatikana hata hadithi ya mfalme mwema aliyekuwa na wana watatu, Sharma, Charma na Jyapeti. Akalewa, mmoja wao akamcheka, wengine wakamsitiri. Kila asomaye Taurati atawatambua Nuhu na wanawe Shemu, Hamu na Yafethi. Mwaka 1792 Wilford alitoa haya yote katika juzuu ya tatu ya chama, katika makala ndefu juu ya Misri na nchi zilizo karibu na mto Kali. Hiyo ndiyo makala iliyompata Speke baadaye. Jones mwenyewe aliandika maneno ya kuiunga mkono, kwa kuwa alikuwa ameonyeshwa aya zile katika Kisanskriti, akazisoma, akaona zasema hivyo kweli. Jones hakuwa mpumbavu. Wala hapakuwa na mtu wa Ulaya wakati ule aliyeijua lugha ile kumpita kwa mbali. Alichokosa ni kukiuliza kitabu chenyewe kimepita katika mikono ya nani.

Wilford akawa mtu mashuhuri. Watu wa Ulaya walimsoma kwa furaha, hasa waliotaka kuiona Biblia ikithibitishwa na Wahindi.

Iko kazi yake nyingine ya miaka hiyo, nayo yahusu dini ya Budha. Huko magharibi ya Bara Hindi, mahali paitwapo Ellora, kuna mapango makubwa yaliyochongwa katika mwamba, mengine ya wafuasi wa Budha, mengine ya Wahindu na ya Wajaini. Maandishi ya kale ya mapango ya nchi hizo yalinakiliwa, lakini herufi zake hakuna aliyeweza kuzisoma. Nakala zikampata Jones, naye akazipeleka Benares kwa Wilford. Wilford akampata mzee mwenye elimu aliyesema anacho kitabu kinachofunua herufi zote za kale. Kwa msaada huo maandishi yakasomwa, ikaonekana kwamba yanasimulia wana wa Pandu walipokuwa wakijificha porini, hadithi ambayo kila mtoto wa Kihindi anaijua. Usomaji huo ukapigwa chapa kabla ya mwaka 1800. Haukuwa na neno moja la kweli.

Siku ya hesabu ilifika Wilford alipokuwa akitayarisha kazi yake kubwa zaidi, juu ya visiwa vitakatifu vya magharibi. Alitaka kuonyesha kwamba kisiwa cheupe kinachotajwa katika Purana, Shveta-dvipa, ni Uingereza. Kabla ya kupiga chapa alivichukua vitabu vyenyewe, akavipitia kwa utaratibu, akilinganisha kila aya na nakala aliyopewa. Akaona kitu kidogo. Kila palipokuwa na neno shveta, yaani cheupe, mwandiko ulikuwa tofauti kidogo na wa ukurasa, na karatasi ilikuwa na rangi nyingine, kana kwamba imepakwa kitu.

Akaendelea kuchimba. Mahali pengine neno moja lilikuwa limefutwa na jingine kutiwa. Mahali pengine hadithi ilianza sawasawa kisha ikageuzwa njiani. Na pengine hapakuwa na kitabu kabisa. Pandita alikuwa ametunga mwenyewe, kwa ustadi mkubwa, aya zipatazo 12,000 zilizofuata mizani za Purana. Fedha za wasaidizi alikuwa amezitia mfukoni. Kutafuta katika vitabu ilikuwa kazi ngumu. Kutunga, kwa mtu aliyezijua Purana kama yeye, ilikuwa rahisi zaidi, na bwana wake alikwisha kumweleza kila anachotaka kukuta.

Alipoambiwa, pandita aliwaka kwa hasira, akajiapiza yeye na watoto wake kwa laana za kutisha ikiwa aya zile si za kweli. Akaleta Mabrahmani kumi waliokuwa tayari kuapa kwa kilicho kitakatifu kuliko vyote katika dini yao. Wilford aliwakemea kwa kuidhalilisha heshima ya ukuhani wao, akakataa wasiape.

Wakati huo Wilford alikuwa mgonjwa, na habari hizo zilimwangusha kabisa, maana alijiona amepoteza miaka mingi ya kazi. Angeweza kunyamaza. Jones alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1794, na huko Ulaya hapakuwa na mtu aliyeweza kuvipekua vitabu vilivyokuwa ndani ya nyumba ya Benares. Hata hivyo mwaka 1805, katika juzuu ya nane ya chama, katika majuzuu yale yale yaliyompa sifa, Wilford aliandika habari yote: alivyodanganywa, aina za udanganyifu, karatasi iliyopakwa rangi, Mabrahmani kumi. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipokuwa mwanachuoni kuliko wakati wowote katika maisha yake. Jambo la kusikitisha ni kwamba fikira yake kubwa hakuiacha. Aliendelea kuandika juu ya visiwa vya magharibi kana kwamba ukweli umeibiwa vipande tu na mwingine umebaki mzima. Alikufa Benares mwaka 1822.

Katika juzuu ile ile ya nane kuna makala ya mtu mwingine, Henry Thomas Colebrooke, juu ya Veda, vitabu vilivyo vya kale kuliko vyote vya Wahindu. Colebrooke aliandika kwa ukavu, pasipo ajabu yoyote, akieleza tu alichokisoma na kilichomo. Wasomaji wa siku zile huenda walipiga miayo. Lakini kwa njia hiyo ya ukavu elimu ya Kisanskriti ilikua hata Oxford ikaweka kiti cha mwalimu wake mwaka 1832.

Na zile herufi za kale zilifunguliwa mwaka 1837 na James Prinsep, mtu wa karakana ya fedha Calcutta. Alikuwa akitazama maandishi mafupi mengi ya Sanchi, mahali patakatifu pa wafuasi wa Budha, akaona kwamba karibu yote yanamalizika kwa herufi zile zile mbili. Akawaza: watu wengi mbalimbali wakiandika maneno machache juu ya jiwe la mahali pa ibada, neno gani litarudiwa na wote? Akajibu: zawadi. Katika Kisanskriti zawadi ni danam. Kwa hizo mbili akapata nyingine, hata akasoma nguzo kubwa za mfalme aliyejiita Piyadasi, naye akajulikana kuwa ni Ashoka, mfalme aliyeifuata dini ya Budha zaidi ya miaka mia mbili kabla ya Kristo. Prinsep naye alianza kwa kukisia, kama Wilford. Tofauti ni kwamba kisio lake lilipimwa katika mawe mengine mengi, na mawe hayakulipwa mshahara.

Sasa, ikiwa Wilford alikwisha kuungama mwaka 1805, kwa nini maandiko yake yalimfikia Speke Unguja mwaka 1860 kana kwamba ni safi? Sababu ni ndogo na ya kawaida sana. Makala ilikuwa katika juzuu ya tatu na ungamo katika juzuu ya nane. Majuzuu yale yalichapishwa tena London, yakaenea; aliyekuwa na la tatu si lazima awe na la nane. Rigby alikuwa mtu hodari wa lugha za Bara Hindi, na Speke alikuwa afisa wa jeshi la huko huko, lakini miaka 55 ni mingi. Uongo ulikwisha kupanda chombo na kusafiri, na ungamo lilikuwa bado limekaa rafuni.

Tena tuulize: ikiwa pandita alibuni, imekuwaje akaipata Nchi ya Mwezi, nayo ipo kweli? Jibu naliona katika Ptolemi, mwanachuoni wa Iskanderia wa karne ya pili, aliyeandika kwamba Naili hutoka katika maziwa yanayopata maji ya theluji ya Milima ya Mwezi. Kila msomi wa Ulaya aliijua milima hiyo. Wilford alikuwa nayo kichwani alipofika Benares. Kwa pandita mwezi ukageuka soma na chandra, mlima ukawa giri, mahali pakawa sthana. Kisha jina likamrudia Wilford likiwa limevaa nguo za Kisanskriti, naye asilitambue. Ni mwangwi: mtu alipiga ukelele bondeni, akausikia ukirudi, akadhani ng'ambo kuna mtu. Jina letu halikutoka huko. Yasemwa kwamba watu wa pwani waliwaita watu wa bara hii Wanyamwezi kwa kuwa nchi yao iko upande wa machweo, ambako mwezi mwandamo huonekana kwanza.

Na tuone sasa jinsi Speke alivyolijua ziwa kwa kweli.

Yeye na Richard Burton waliingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu walipoondoka pwani. Walikuwa wamechukua ramani iliyotokana na habari za wamisionari wa pwani, yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, refu kama konokono asiye na nyumba. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanya biashara Mwarabu, mtu wa kusoma na kuandika, ambaye pia alimsaidia Burton kukusanya maneno ya lugha za huku. Snay aliitazama habari hiyo, akawaambia kwamba wamisionari wameyaunganisha maziwa matatu kuwa moja: kuna Nyasa kusini, kuna ziwa la Ujiji, na kuna la Ukerewe kaskazini, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Kila mtoto wa shule leo anayaona matatu hayo katika ramani. Snay aliyajua kwa sababu misafara ilitoka Kaze ikaenda pande zote hizo, ikarudi, na watu wake wakaulizwa. Mmoja akisema uongo, wa msafara wa pili humfichua.

Speke hakujua Kiarabu, na Kiswahili alikijua kidogo sana. Aliyemfasiria ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa utumwani Bara Hindi, akarudi baada ya bwana wake kufa. Bombay na Speke walisema pamoja kwa Kihindustani. Basi kama mtu anataka kweli kujua namna ukoo wa Kisanskriti ulivyoingia katika kutafuta asili ya Naili, hapa ndipo pa kutazama: katika kinywa cha mtu aliyekuwa mtumwa, akifasiri maneno ya Snay barazani pa tembe la Kaze, kwa lugha iliyozaliwa katika ukoo wa lugha zile za kale.

Palikuwa na Mhindi pia. Musa Mzuri, mzaliwa wa Surat, wa jamaa ya Khoja, alifika Unyamwezi pamoja na kaka yake Sayyan yapata mwaka 1825. Walikuwa miongoni mwa wafanya biashara wa kwanza kutoka pwani kuifungua njia ya huku. Akakaa miaka mingi Kaze, akafanya biashara ya pembe hata Karagwe na kupita. Burton na Speke walipofika mara ya kwanza hawakumkuta, alikuwa safarini Karagwe. Walimwona mwaka 1858 waliporudi kutoka Ujiji. Mhindi huyu aliijua Nchi ya Mwezi kwa nyayo zake, naye alikuja miaka kama mitatu tu baada ya Wilford kuzikwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1858 Burton alibaki Kaze, na Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay kwa njia aliyoelekezwa na watu wa Kaze. Baada ya siku zipatazo 25, tarehe 3 Agosti, akaliona ziwa lote limetandazwa mbele yake karibu na Mwanza. Wakati huo maandiko ya Benares alikuwa hajayapata.

Aliporudi Kaze mwanzoni mwa mwaka 1861, safari hii pamoja na Grant, alikuta nchi imevurugika. Waarabu walikuwa wamemwondoa mtemi Mnywa Sere na kumweka Mkasiwa, na vita vilikuwa vikiendelea njiani kote. Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo baada ya Speke kufika. Musa Mzuri alikuwa hai lakini ameisha nguvu. Alitaka kufuatana na Speke mpaka Karagwe, akafa Kaze mwaka ule ule kabla safari haijafika mbali. Speke akaenda mbele na Bombay, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama mahali Naili unapotoka ziwani, kwenye maporomoko ya Jinja.

Kitabu chake kilipotoka mwaka uliofuata, Bwana Wilford wa Benares alikuwamo katika kurasa za mwanzo kabisa, akisifiwa. Habari za Musa na kifo cha Snay zilifuata mbele zaidi, mahali msafara ulipofika Kaze.